Mchawi wako wa Skyrim awe kabila gani: Altmer, Breton au Dunmer?

Swali lako nimelisoma mara mbili mdogo wangu na nikalielewa vizuri, manake hata mimi nshapita humo humo. Unasema umeanza gemu ya Skyrim juzi, unataka mchawi mtupu, asiyeshika upanga wala ngao, moto mkono huu na barafu mkono ule basi, na ushafuta mhusika mara 3 kabla hata hujafika mji wa Whiterun kwa sababu kila ukianza mtu anakwambia umekosea kabila. Mmoja kakwambia mchawi ni Altmer hakuna mjadala, mwingine kasema Breton, wewe mwenyewe roho yako iko kwa Dunmer, halafu mwishoni ukauliza kwa sauti ya chini kama Orc naye anaweza kuwa mchawi au ni kupoteza muda.

Ntakujibu moja kwa moja halafu nieleze: kwa mchawi mtupu, mchezaji mgeni, chukua Breton. Ila sababu yenyewe sio hiyo unayoambiwa, na usipoielewa sababu utamfuta na huyo Breton kesho kutwa.

Tuanze na kitu ambacho watu wengi wanakikuza bure, zile pointi za ujuzi unazopewa mwanzoni. Kila kabila lina ujuzi mmoja uliozidishwa pointi 10 na mwingine mitano iliyozidishwa pointi 5, kwa hiyo unaona Dunmer anaanza na Destruction (uchawi wa moto, barafu na umeme) 25, Altmer anaanza na Illusion (wa kuchezea akili za watu) 25, Breton Conjuration (wa kuita viumbe) 25, Imperial Restoration (wa kuponya) 25, wakati ambaye hana kitu anaanza na 15. Kwenye skrini ya kuchagua inaonekana tofauti kubwa sana lakini ukweli ni kwamba kutoka 15 mpaka 25 ni kazi ya muda mfupi tu, ujuzi wa chini unapanda haraka, na ukipita pale kwenye yale mawe matatu njiani kuelekea Riverwood ukagusa jiwe la Mage basi ujuzi wote wa uchawi unapanda kwa kasi ya asilimia 20 zaidi. Ukifika levo ya 10 hakuna atakayejua nani alianza na ngapi. Kwa hiyo hizo namba zisikuumize kichwa kabisa, wala usimchague Dunmer kwa sababu ya Destruction 25 peke yake.

Kinachobaki na wewe mpaka mwisho ni vitu viwili tu: ile hali ya kudumu ya kabila, na ile nguvu unayoitumia mara moja kwa siku ya ndani ya gemu. Hapo ndio pa kuangalia.

Altmer hali yake ya kudumu ni magicka 50 za ziada, yaani ile nishati ya kurushia uchawi. Wote tunaanza na 100, yeye anaanza na 150. Hii kwa mwanzo wa gemu ni raha ambayo siwezi kukudanganya, ntakupa mfano. Firebolt, ule mpira wa moto wa mwanzo mwanzo unaopunguza damu ya adui pointi 25, ukiwa bado huna perki yoyote (yale maboresho ya ujuzi unayochagua ukipanda levo) unakula magicka kama 35 au 36 hivi kila ukirusha. Breton mwenye magicka 100 anarusha mara mbili, imeisha, anaanza kukimbia kuzunguka nguzo akisubiri magicka irudi. Altmer anarusha mara nne. Sasa fikiria umekutana na majambazi wawili, huyu kamaliza wote na mwenzake bado anazunguka nguzo. Tena magicka inarudi kwa asilimia ya jumla uliyonayo, kwa hiyo mwenye 150 hata kurudi kwake ni kwa kasi kuliko mwenye 100, na ukiwa katikati ya vita inarudi polepole sana kwa hiyo tofauti hiyo unaihisi haswa. Juu ya hapo ana Highborn, ile nguvu yake ya mara moja kwa siku, kwa sekunde 60 magicka inajaa haraka mpaka unarusha utakavyo bila kuhesabu. Kwa hiyo anayekwambia Altmer ndio mchawi hajakosea, anazungumzia masaa 15 au 20 ya kwanza.

Tatizo ni kwamba magicka ndio kitu rahisi kuliko vyote kukipata kwenye hii gemu. Kila ukipanda levo unaulizwa uongeze pointi 10 kwenye magicka, damu au pumzi, kwa hiyo faida nzima ya Altmer ni sawa na kupanda levo 5. Hizo 5 hazipotei, mwisho wa safari Altmer anaweza kuwa na damu 50 zaidi kwa vile hakuhitaji kuzitupia kwenye magicka, nakubali, hiyo ni kitu. Lakini halafu inakuja Enchanting, ujuzi wa kutia uchawi kwenye nguo na vito. Ukifikisha Enchanting 100 na perki zake na ukatumia roho kubwa kabisa ya kiumbe uliyoinasa, nguo moja inaweza kupunguza gharama ya Destruction kwa asilimia 25, na unaruhusiwa kuiweka kwenye vitu vinne, kichwani, mwilini, peteni na kwenye mkufu. Nne mara 25 ni mia. Yaani uchawi wa Destruction unakuwa bure, unarusha mpaka vidole vichoke, na kwa perki ya Extra Effect kila kitu kinabeba mambo mawili kwa hiyo unafanya bure aina mbili za uchawi sio moja. Siku hiyo ikifika, mwenye magicka 150 na mwenye magicka 500 wako sawa. Highborn nayo inakuwa haina la kufanya, utajaza nini wakati hakipungui.

Kinga ya uchawi ni hadithi tofauti kabisa, na hapa ndio Breton anapoingia. Hali yake ya kudumu ni kinga ya asilimia 25 dhidi ya uchawi wowote unaokupiga, uwe moto, barafu au umeme, bila kuvaa kitu, bila kunywa dawa, kuanzia unashuka kwenye ule mkokoteni wa mwanzo wa gemu pale Helgen. Mtu mgeni anaiona asilimia 25 anasema ah mbona ndogo, magicka naiona kwa macho hii siioni. Kweli haionekani, unaihisi tu pale ambapo ungekufa halafu hufi.

Ngoja nikusimulie yangu. Mchawi wangu wa kwanza alikuwa Altmer, kila levo nikawa natupia magicka tu, nikafika kama levo ya 14 na damu bado ni zile zile 100 nilizoanza nazo, nikajiona mkubwa sana. Nikaingia pango moja lina wachawi watatu wa barafu. Nilimuua mmoja, wa pili akanipiga Ice Spike mbili mfululizo na nikawa chini, sikuelewa hata kilichotokea. Nikarudia mara nane hivi. Magicka ninayo tele, shida sikuwa hai muda wa kutosha wa kuitumia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mchawi aliyevaa joho anauawa na wachawi wenzake na majoka zaidi ya kitu kingine chochote, manake shujaa wa upanga unaweza kumkimbia, kumgandisha, kumtisha, lakini mwenzako wa uchawi yuko mbali kama wewe na anapiga kama wewe.

Sasa hesabu yenyewe, vumilia kidogo ina utamu wake. Kinga ya uchawi ina kikomo, asilimia 85, hapo hata uongeze nini haipandi. Vyanzo vinavyofikika na kila mtu ni hivi: jiwe la Lord, la aina moja na lile la Mage, liko mlimani mashariki ya mji wa Morthal, linakupa 25 pamoja na pointi 50 za deraya. Halafu kuna ile kazi ya hekalu la Mara pale Riften, unasaidia wapenzi waelewane, hakuna hata vita ndani yake, mwisho unapewa 15 za kudumu. Halafu Alteration, uchawi wa kujikinga na kubadili vitu, ina perki ya Magic Resistance ya ngazi tatu, ukifika Alteration 30, 50 na 70, kila ngazi 10, jumla 30. Jumlisha zote, 25 na 15 na 30, unapata 70. Altmer akifanya yote haya anaishia 70. Breton akifanya hayo hayo anakuwa na 95 ambayo inakatwa kwenye 85, tena anaweza asikamilishe perki zote na bado akafika.

Utasema 70 na 85 si karibu sawa? Hapana. Uchawi wa pointi 100 ukimpiga mwenye 70 anapoteza damu 30, ukimpiga mwenye 85 anapoteza 15. Ni nusu. Mapigo yanayomuua Altmer yanampunguzia Breton nusu tu ya damu. Na hiyo ni mwisho wa safari, mwanzoni pia iko wazi, levo ya kwanza kabisa ukitembea kwa uangalifu mpaka jiwe la Lord (ni hatari kidogo, pita mbali na kila kinachotembea) Breton anapokea nusu tu ya kila uchawi wakati mwenzake anapokea robo tatu.

Kuna kitu kingine ambacho wengi hawakijui, kinga ya uchawi na kinga ya moto hazijumlishwi, zinafuatana. Yaani Breton wa 25 akivaa pete ya kinga ya moto 50, moto wa pointi 100 unakatwa kwanza unakuwa 75, halafu unakatwa tena nusu unakuwa 37 na nusu. Kwa hiyo kila kitu unachoongeza baadaye kinakaa juu ya ulichozaliwa nacho, hakipotei hata kidogo. Na joka likikutemea moto au barafu kinga zote mbili zinafanya kazi.

Nguvu ya Breton ya mara moja kwa siku inaitwa Dragonskin, kwa sekunde 60 kila uchawi unaorushiwa una nafasi ya asilimia 50 ya kufyonzwa na kugeuka magicka yako. Wakorofi wanaichanganya na jiwe la Atronach, lile la kusini ya Windhelm kwenye chemchemi za maji moto, linakupa magicka 50 na kufyonza asilimia 50 ila magicka yako inarudi nusu ya kasi, halafu perki ya Atronach kule juu kwenye Alteration inaongeza 30. Hamsini na hamsini na thelathini, imepita mia, kwa dakika moja hakuna uchawi unaokugusa, adui anakujazia magicka mwenyewe. Inapendeza sana kuiona. Lakini usianze nayo wewe, kwanza unaishi kwa magicka inayorudi taratibu na kwa mgeni hiyo ni mateso, pili kufyonza kunaweza kumeza hata uchawi wako wa kuita viumbe, unaita kiumbe wako atronach, magicka inakatwa, kiumbe hatokei.

Hilo la kuita viumbe ndio sababu nyingine ndogo ya Breton. Anaanza na Conjure Familiar, mbwa mwitu wa roho, tangu sekunde ya kwanza. Mbwa yule anakufa haraka, kweli, lakini kazi yake sio kuua, kazi yake ni majambazi wamkimbilie yeye wakati wewe uko nyuma unarusha moto. Tatizo la magicka 100 nililokuambia pale juu, la kurusha mara mbili na kukimbia, mbwa analitatua nusu yake. Nusu nyingine atakusaidia Lydia, mpiganaji wa kukufuata, ukishampata Whiterun, na dawa za magicka ambazo Breton anazitengeneza vizuri kwa sababu Alchemy yake, ujuzi wa kuchanganya dawa, inaanza 20.

Kuhusu Dunmer najua unampenda na sina nia ya kukukatisha tamaa, manake ni kabila zuri. Kinga ya moto 50 ni kubwa, wachawi na majoka wengi wanatumia moto, ila barafu na umeme vinakupiga kama mtu wa kawaida, na umeme kwa mchawi ni adui maalum kwa sababu unakula na magicka yako pia. Ancestor's Wrath, moto unaomzunguka kwa sekunde 60 unaounguza waliokaribu pointi 8 kila sekunde, ni mzuri kwa anayepigana karibu, wewe unataka kukaa mbali, kwa hiyo siku ukiuhitaji maana yake mambo yashaharibika. Mahali ambapo Dunmer anawashinda wote ni ukiamua kuwa vampaya, kwa sababu vampaya ana udhaifu wa moto na kinga ya Dunmer inaufuta huo udhaifu kwa kiasi kikubwa. Mchawi vampaya wa Dunmer, hapo ntakupigia makofi. Kama hilo ndilo unalolitaka moyoni basi sahau yote niliyosema, chukua Dunmer, ila siku za kwanza hakikisha damu haikai chini ya 150.

Wengine nipite haraka. Imperial ana Voice of the Emperor inayotuliza watu wanaokuzunguka kwa sekunde 60, ni njia nzuri ya kukimbia, na ujuzi wake unamfaa mchawi wa deraya nzito kuliko wa joho. Argonian ana Histskin, damu inarudi mara 10 ya kasi kwa dakika moja, imeokoa wachawi wengi kuliko watu wanavyodhani. Redguard watu wanashangaa wakisikia ana pointi 5 za Destruction na 5 za Alteration, ila nguvu yake yote iko kwenye pumzi ambayo wewe huitumii. Nord, Bosmer na Khajiit kwa mchawi mtupu hawana wanachokupa, Nord walau ana kinga ya barafu 50.

Sasa Orc. Swali lako uliloliuliza kwa aibu ndio lililonifurahisha. Anaweza, tena vizuri, ila sio mchawi wa kurusha moto. Berserker Rage yake kwa sekunde 60 inafanya apokee nusu ya madhara na apige mara mbili, na hiyo mara mbili haihesabu Firebolt, inahesabu silaha. Lakini silaha za kuita kwa uchawi ni silaha. Orc anayeishi kwa Conjuration, anaita upinde wa Bound Bow unatokea mkononi na mishale yake, anawasha Berserker Rage, hapo adui mmoja mkubwa anaweza kuisha kabla hajakufikia. Na ile nusu ya madhara inahesabu panga na mishale, kitu ambacho kinga ya Breton haikigusi hata kidogo. Hili la panga na mishale ulikumbuke hata ukiwa Breton: dawa yake ni Alteration, Oakflesh (uchawi wa kukaza ngozi) halafu zinazofuata, na perki ya Mage Armor inayozidisha deraya ya uchawi mpaka mara 3 ilimradi hujavaa deraya ya kweli. Ni ya makabila yote, ndio maana sikuiweka kwenye hesabu ya nani bora.

Jambo moja la mwisho linalohusu ugumu uliouchagua, manake hukuniambia. Kwenye gemu hii madhara ya Destruction hayapandi na ujuzi, ujuzi unashusha gharama tu, Firebolt ni 25 ukiwa na Destruction 15 na ni 25 ukiwa na 90, kinachoiongeza ni perki na dawa. Ukiweka ugumu wa juu kabisa, Legendary, wewe unapiga robo na wao wanakupiga mara 3, kwa hiyo vita vinakuwa virefu sana, na kwenye vita virefu anayeishi muda mrefu ndio anayeshinda, hapo Breton anazidi kuwa mbali. Ukicheza ugumu wa kawaida au chini yake, Altmer atakupa raha zaidi na hutojuta, kwa kweli hutojuta, ila pointi zako tatu za kwanza za kupanda levo weka kwenye damu mbili, magicka moja. Breton kinyume chake, magicka mbili damu moja mpaka ufike magicka 200, halafu nusu kwa nusu. Ukifika Whiterun nenda ikulu ya Dragonsreach kwa mchawi Farengar ununue Firebolt na Oakflesh kabla ya kitu kingine chochote, hela ya majambazi wa njiani inatosha, na jiwe la Mage libadilishe na la Lord siku ile utakapouawa na mchawi kwa mara ya kwanza.